Maktaba Iliyogeuka Makumbusho: Habari za Nyumba ya Mawe ya Fort Collins

Maneno mawili, maktaba na makumbusho, hutajwa siku hizi pamoja kana kwamba ni ndugu wa baba mmoja, lakini asili zao ni mbalimbali. Maktaba ni neno tulilolipata kwa Waarabu, nalo latoka katika shina la kuandika, shina lile lile lililozaa kitabu, katibu na mkataba. Makumbusho ni neno letu wenyewe la Kibantu. Latoka katika kukumbuka, likapitia kukumbusha. Basi maktaba ni mahali pa yaliyoandikwa, na makumbusho ni mahali pa vitu vyenye kumkumbusha mtu. Tofauti hii si ndogo. Kilichoandikwa hukaa kitabuni hata kama hapana akisomaye. Ama kitu cha kukumbusha chamhitaji mtu wa kukumbushwa, na zaidi ya hayo chamhitaji mtu wa kuchagua ni lipi likumbukwe na ni lipi liachwe.

Kwa sababu hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za nyumba moja iliyokuwa maktaba ikawa makumbusho. Ni nyumba ya mbali, katika nchi ya watu wengine. Walakini msomaji akifuatana nasi mpaka mwisho ataona kwamba habari zake zatufikia hata sisi.

Nyumba hiyo iko Fort Collins, katika jimbo la Colorado, nchi ya Marekani, mahali ambapo mbuga kubwa za nyasi zakoma na milima ya Rocky yaanza. Karibu na mji wapita mto uitwao Cache la Poudre. Jina hilo ni la Kifaransa, na maana yake ni kuficha baruti. Yasimuliwa kwamba wawindaji wa ngozi za wanyama walishikwa na theluji nyingi, na mizigo yao ikawalemea. Wakachimba shimo ukingoni, wakaificha baruti yao, wakaja kuichukua baadaye. Twalitaja jina hili mapema kwa kuwa jina la mahali ni shahidi asiyehongwa. Watu wa mji ule leo husema Kiingereza, lakini mto wao wakiri kwamba wenye kusema Kifaransa walipita kabla yao. Na kabla ya hao walikuwako wengine, kama tutakavyoona.

Mji wenyewe ulianza kuwa kambi ya askari. Mwaka 1862 serikali iliweka askari bondeni ili kulinda njia ya wasafiri na ya barua, na kambi yao ikaitwa kwa jina la mkuu wao, William O. Collins. Mwezi wa Juni 1864 mto ulifurika ukaichukua kambi ile, ndipo askari wakahamia mahali pengine, chini kidogo kwa mkondo wa mto, palipo na mji sasa. Askari waliondoka mwaka 1867, lakini jina la mkuu wao likabaki. Reli ilifika mwaka 1877, na chuo cha kilimo kikafungua milango yake mwaka 1879. Hata hivyo, watu walipohesabiwa mwaka 1900, mji wote ulikuwa na wakazi 3,053 tu.

Mji mdogo kama huo ulipataje nyumba ya mawe ya kuwekea vitabu? Hapa hatuna budi kumtaja Andrew Carnegie. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1835 katika mji wa Dunfermline, nchi ya Uskochi, mwana wa mfumaji wa nguo. Mashine zilipowanyang'anya wafumaji riziki yao, wazazi wake walihamia Marekani mwaka 1848. Mtoto akawekwa katika kiwanda cha pamba kwa ujira wa dola 1 na senti 20 kwa juma. Baadaye akawa mjumbe wa kupeleka habari za simu. Katika mji ule alikuwako Kanali James Anderson, mwenye vitabu vipatavyo 400, naye aliwafungulia vijana wa kazi mlango wake kila Jumamosi ili waazime. Carnegie hakuisahau Jumamosi ile. Alipokuwa tajiri wa chuma cha pua, na hasa baada ya kuviuza viwanda vyake mwaka 1901, alitoa fedha zikajengwa maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali, na kati ya hizo zaidi ya 1,600 zilikuwa Marekani.

Haifai tumsifu bila kipimo. Mwaka 1892 wafanyakazi wa kiwanda chake cha Homestead waligoma kwa ajili ya ujira wao, wakapigana na walinzi waliokodiwa, na watu wakafa kwa pande zote mbili. Miji mingine ilizikataa fedha zake kwa kuwa ilisema zina jasho la watu ambao hawakulipwa haki yao. Wahenga wetu walisema kwamba mkono mtupu haulambwi. Lakini pia yafaa kuuliza mkono uliojaa umejazwa na nini.

Desturi ya zawadi zake yafaa kuangaliwa. Carnegie hakutoa vitabu, bali nyumba. Wala hakutoa nyumba bure. Mji ulioomba ulipaswa kutoa kiwanja, tena ulipaswa kuahidi kutoa kila mwaka sehemu moja kwa kumi ya fedha ile ili kununua vitabu na kumlipa mtunzaji. Mji uliopewa dola 10,000 uliahidi dola 1,000 kila mwaka. Karani wake, James Bertram, ndiye aliyepokea barua za miji na kuulizia hesabu zao. Basi ile haikuwa sadaka bali mkataba, nalo neno mkataba, tulivyosema, ni ndugu wa maktaba. Tutalirudia baadaye.

Fort Collins ulipata nyumba yake, nayo ikafunguliwa mwaka 1904 katika bustani ya mji. Ilijengwa kwa mawe ya mchanga ya nchi ile ile. Wakati huo kiwanda cha sukari kilikuwa kimejengwa karibu na mji, sukari yenyewe ikitengenezwa kwa viazisukari, mizizi ya namna ya pekee yenye maji ya sukari, wala si kwa miwa kama huku kwetu. Watu wakaja kwa wingi kulima viazi hivyo, kwanza Wajerumani waliotoka Urusi, kisha jamaa za Wameksiko. Hesabu ya mwaka 1910 ilionyesha watu 8,210. Kwa zaidi ya miaka 70 mtoto wa mji ule aliyetaka kusoma alipanda ngazi za nyumba ile ya mawe.

Sasa tuje kwenye makumbusho. Watu wa mji walikuwa wamekwisha kuanza kukusanya vitu vya wazee wao, na mwaka 1941 walifungua nyumba ya makumbusho katika bustani ile ile ya maktaba. Waliiita makumbusho ya watangulizi. Hata ilipofika miaka ya 1970, vitabu vilikuwa vimezidi nafasi. Mji ukajenga maktaba mpya kando ya ile ya kale, na mwaka 1977 makumbusho yakahamia ndani ya nyumba ya Carnegie. Palipokuwa pa kusoma yaliyoandikwa pakawa pa kutazama yaliyosalia. Nje, katika ua, ziliwekwa nyumba za kale zilizohamishwa kutoka mahali pake, pamoja na shule ndogo ya shamba ya mwaka 1905.

Nyumba mbili kati ya hizo ni za magogo, na kila moja ina habari ya mtu. Ya kwanza yaitwa nyumba ya Shangazi Stone. Jina lake halisi ni Elizabeth Stone, aliyezaliwa mwaka 1801 na kufa mwaka 1895. Alifika kambini mwaka 1864, naye ana miaka zaidi ya 60, wakati ambapo wengi wetu twataka kuketi barazani na kutumikiwa. Yeye na mumewe walijengewa nyumba ya magogo, akawa akiwapikia maofisa wa kambi. Askari walipoondoka yeye alibaki. Akafanya nyumba yake kuwa ya kupokea wageni, akashiriki katika kujenga kinu cha kusaga nafaka, akashiriki katika kazi ya kuchoma matofali. Mpwa wake, Elizabeth Keays, alifundisha watoto ndani ya nyumba ile mwaka 1866, na hiyo ndiyo shule ya kwanza ya mji. Sisi tulio walimu twafurahi kuona kwamba chumba juu ya jiko la askari kilitosha kuanza shule.

Nyumba ya pili ni ya Antoine Janis, nayo ni ya karibu mwaka 1859, yaani imeitangulia kambi yenyewe. Kabla ya kueleza habari zake yatupasa tusimame kidogo juu ya neno.

Neno la Kiingereza lililoandikwa mlangoni pa makumbusho yale lilikuwa pioneer. Asili yake ni ya Kifaransa, na kwanza lilikuwa na maana ya askari wa miguu, tena askari yule atanguliaye jeshi na shoka na jembe ili kukata miti na kulainisha njia. Kwa Kiswahili hatuna neno moja la kulibeba lote. Tukisema mtangulizi, twataja aliyepita mbele. Tukisema mwanzilishi, twataja aliyeanza kazi. Tukisema mlowezi, twataja aliyekuja kutoka kwingine akakaa na kuzoea. Mtu mmoja aweza kuwa yote matatu, lakini si lazima. Na neno la nne, mwenyeji, lasimama peke yake, kwa maana ni mwenye mji, aliyekuwapo mgeni alipobisha hodi. Lugha yetu yatulazimisha kuchagua, na katika kuchagua twafunuliwa lile ambalo neno la Kiingereza laweza kulifunika.

Basi Janis alikuwa yupi? Alizaliwa Missouri mwaka 1824 katika jamaa ya Wafaransa, akawa mwindaji wa ngozi na mkalimani. Wengi humhesabu kuwa mzungu wa kwanza kufanya maskani katika bonde la mto ule, naye pamoja na wenzake walianzisha kijiji ambacho baadaye kiliitwa Laporte. Mkewe alikuwa mwanamke wa kabila la Lakota, aliyeitwa kwa Kiingereza First Elk Woman. Mwaka 1878, serikali ilipokuwa ikiwakusanya Walakota katika nchi iliyotengwa ya Pine Ridge, Janis aliwekwa njia panda: ama akae bondeni bila mkewe na jamaa yake, ama aende nao. Akaenda. Alifia huko Pine Ridge mwaka 1890. Nyumba yake ya magogo ikabaki, ikachukuliwa, ikawekwa bustanini, ikaoneshwa kuwa nyumba ya mtangulizi. Ni kweli, ilikuwa yake. Lakini mtangulizi huyu aliondoka kwa kuwa nchi aliyoitangulia haikuwa tena na nafasi kwa mkewe. Atazamaye magogo bila kuisikia habari hii ameona mbao, hajaona makumbusho.

Na wenyeji je? Bonde lile na mbuga zake zilikuwa nchi ya Waarapaho na Wacheyenne. Mkataba wa mwaka 1851, uliofanywa Fort Laramie, ulikiri hivyo kwa maandishi: nchi iliyo kati ya mto North Platte na mto Arkansas ilitambuliwa kuwa yao. Dhahabu ilipoonekana Colorado mwaka 1858, wageni wakaja kama nzige, na mwaka 1861 ukafanywa mkataba mwingine uliowaachia sehemu ndogo sana, nao wakuu wengi wa makabila yale hawakuukubali. Tarehe 29 Novemba 1864, mwaka ule ule Shangazi Stone alipofika bondeni, askari wa Colorado waliushambulia mji wa mahema wa Wacheyenne na Waarapaho huko Sand Creek, wakaua watu wengi, na wengi wa waliouawa walikuwa wanawake, watoto na wazee.

Katika bonde la Cache la Poudre alikuwako mkuu wa Waarapaho aliyeitwa Friday, maana yake Ijumaa. Alipokuwa mtoto alipotea mbugani mwaka 1831. Mfanyabiashara wa ngozi, Thomas Fitzpatrick, akamwokota, akamwita kwa jina la siku ile, akampeleka shuleni katika mji wa St. Louis. Akajua Kiingereza vizuri, kisha akarudi kwa watu wake, akawa mkalimani na mkuu. Wakati wa vita aliwashauri watu wake wakae kwa amani na wageni. Aliomba apewe nchi ya kukaa katika bonde lile alilolipenda, lakini ombi lake likakataliwa, na kabla ya miaka ya 1860 kwisha yeye na watu wake wakaenda zao kaskazini. Alikufa Wyoming mwaka 1881. Huyu alijua kusoma, alijua mkataba ni nini, alishika amani. Hayo yote hayakumpa kiwanja cha kutosha nyumba moja katika bonde lile. Sisi tuwaambiao watoto kwamba elimu huondoa taabu yatupasa kuikumbuka habari hii na kusema kwa kiasi: elimu humpa mtu ulimi, lakini haki yahitaji pia sikio la mwenzake.

Wasomaji wa pwani wataikumbuka hapa habari ya Kilwa. Masimulizi ya kale yasema kwamba Mshirazi alipofika kisiwani alimkuta mwenyeji, jina lake Mrimba, akapatana naye, akakinunua kisiwa kwa nguo zilizotandazwa zikakizunguka. Wenye elimu hujadili kama mambo yalitokea hivyo hasa. Lakini tazama desturi iliyomo: msimulizi, ingawa alisimulia utukufu wa wafalme waliokuja, alilihifadhi jina la mwenyeji na bei aliyolipwa. Mgeni hakudai kwamba kisiwa kilikuwa kitupu. Kwa kipimo hicho cha wazee wetu, makumbusho ya mahali popote yaweza kuulizwa maswali mawili: Mwenyeji alikuwa nani? Na alilipwa nini?

Maswali hayo yasiwe ya kuwauliza watu wa mbali tu. Katika mji wa Nairobi lipo jumba la maktaba ya McMillan, lenye nguzo za mawe na simba wawili mlangoni. Lilifunguliwa mwaka 1931, likajengwa na Lucie McMillan kwa kumkumbuka mumewe, William Northrup McMillan, mlowezi tajiri aliyezaliwa St. Louis, mji ule ule Friday alikosomea. Shirika la Carnegie la New York lilisaidia kwa fedha. Lilikuwa maktaba na kumbukumbu kwa wakati mmoja. Walakini kwa miaka mingi mlango wake ulikuwa wa Wazungu peke yao, hata Baraza la mji lilipolitwaa mwaka 1958. Mtoto wa Kiafrika aliyepita njiani aliwaona simba, lakini vitabu hakuviona. Basi fedha za mtu aliyefunguliwa mlango na Kanali Anderson siku za Jumamosi zilisaidia kujenga mlango uliofungwa. Siku hizi mlango ule ni wa watu wote, na mawe ni yale yale. Kilichogeuka ni desturi ya mlango.

Huko Fort Collins nako mambo hayakusimama. Mwaka 2012 makumbusho yalihama tena, yakaingia jengo kubwa jipya pamoja na makumbusho ya sayansi, wala hayaitwi tena kwa jina la watangulizi. Nyumba ya Carnegie ikaingia kazi ya sanaa, nazo nyumba za magogo zikabaki katika ua wake. Na jambo lililotupendeza zaidi ni hili: mwaka 2009 mji ulifungua tawi jipya la maktaba, ukaliita Council Tree, yaani Mti wa Baraza, kwa ukumbusho wa mti mkubwa ambao chini yake Friday na Waarapaho walikuwa wakikutana kushauriana. Wale walionyimwa kiwanja kwa maandishi, baraza lao sasa limeandikwa juu ya mlango wa nyumba ya vitabu. Hatusemi kwamba jina lalipa deni. Jina halirudishi nchi. Lakini deni lililoandikwa laweza kusomwa, na lisiloandikwa hufa pamoja na mdai. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa kumalizia, twawaomba walimu wenzetu na wote wasomao kurasa hizi. Katika kila mji wetu mdogo ipo nyumba ya kale, pengine boma, pengine shule, pengine nyumba ya mfanyabiashara, ambayo siku moja watu watasema ifanywe makumbusho. Siku hiyo isitukute mikono mitupu. Tuwaendee wazee sasa, tuwaulize aliyefyeka mwitu wa kwanza ni nani, aliyekuwapo kabla ya kufyekwa ni nani, mto uliitwaje kabla ya kuitwa hivi, na waliohama walikwenda wapi. Tuyaandike majina yao yote, ya watangulizi na ya walowezi, na ya wenyeji kwanza. Jembe la kale na mtungi wa kale vitakaa vyenyewe katika sanduku la kioo, lakini havina ulimi. Jina la aliyevishika tusipoliandika leo, mjukuu wake atakuja kulipa kiingilio, atatazama, naye hatajua kwamba ametazama mali ya babu yake.